Dola 7,500 za Marekani zinafikaje Nakawa?

Swali limetoka kwa msomaji anayeendesha spesho, yaani teksi ya kukodi, hapa Kampala, stendi yake iko Ntinda. Nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu, salaam. Toyota Wish yangu imechoka, na nimeweka akiba nichukue gari la umeme. Kijana wangu ananionyesha kwenye simu kwamba Marekani serikali ilikuwa inampa mnunuzi dola 7,500, kisha Tesla ikashusha bei, kisha Wachina nao wakashusha zaidi. Mimi nikienda bondi za Nakawa, kwenye yadi za magari yaliyoagizwa nje, naambiwa bei ileile ya mwaka jana. Hizo nafuu za kodi na hivyo vita vya bei vinatufikia sisi wa huku, au ni habari za simu tu? Na je, nisubiri au ninunue?"

Ndugu yangu, vinafika. Ila vinapitia mlango wa nyuma, vinachelewa, na sehemu yake inaliwa njiani. Mimi kazi yangu kwa miaka mingi ni kutoa magari forodhani, kwa hiyo nikitajiwa bei ya gari huwa najiuliza kwanza kila shilingi imeingia mfukoni mwa nani. Tufanye hivyo kwa hizo dola 7,500.

Kijana wako amezielewa nusu. Kwa miaka mingi hazikuwa fedha taslimu. Zilikuwa nafuu inayokatwa kwenye kodi ya mapato ya mnunuzi. Kama mwaka ule ulidaiwa kodi ya dola 3,000, ulisamehewa 3,000, na zile 4,500 zilizobaki zilipotea. Ni kuanzia Januari 2024 tu ndipo mnunuzi aliporuhusiwa kumwachia muuzaji haki hiyo, naye akampunguzia bei palepale dukani. Mpango wenyewe ulianza na sheria ya 2008. Sheria ya 2022 iliufumua na kuusuka upya, na ile iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ikaumaliza: magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo hayapati kitu.

Sasa, serikali ikimpunguzia mnunuzi kodi, nani anafaidi? Usikimbilie kujibu "mnunuzi". Chukulia wanafunzi wa Makerere wanapewa tiketi ya Sh 500 kwa kila rolex, ile chapati ya mayai, watakayokula. Kama pale Wandegeya kuna muuzaji mmoja tu na foleni yake inafika barabarani, kesho rolex ya Sh 2,000 itauzwa Sh 2,400. Mwanafunzi amepata shilingi mia, muuzaji amepata mia nne, na kila mtu anaisifu serikali. Lakini wakiwa wauzaji wanane wamepanga vikaango kando kando, wa kwanza kupandisha ataachwa akikaanga mayai ya kula mwenyewe. Pale mwanafunzi atakula karibu zile 500 zote. Tiketi ni ileile. Mgawo wake unaamuliwa na idadi ya vikaango.

Hesabu za Tesla zinaonyesha jambo hili waziwazi kuliko kitabu chochote cha uchumi. Sheria ya zamani ilisema kampuni ikishauza magari 200,000 ya umeme Marekani, nafuu ya wateja wake inaanza kupunguzwa. Tesla ilifika hapo Julai 2018. Tarehe 1 Januari 2019 nafuu ikashuka kutoka dola 7,500 hadi 3,750. Siku iliyofuata Tesla ikatangaza kupunguza bei kwa dola 2,000. Ona mgawo huo: mnunuzi alipoteza 3,750, kampuni ikabeba 2,000, naye akabaki kubeba 1,750. Maana yake hata siku nafuu ilipokuwa kamili, si yote iliyokuwa ya mnunuzi, sehemu ilikuwa imekaa ndani ya bei ya kampuni.

Agosti 2022 kukatokea jambo jingine. Wiki ileile bunge la Marekani lilipokuwa linapitisha sheria mpya ya nafuu, Ford ilipandisha bei ya pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, kwa dola 6,000 hadi 8,500 kutegemea toleo. Ford ilisema ni malighafi, na kweli malighafi zilikuwa zimepaa. Lakini wakati huo pikapu ya umeme ilikuwa bidhaa adimu yenye foleni ndefu, na kwenye foleni ndefu sababu ya kupandisha bei haikosekani. Julai 2023, foleni ilipokwisha, Ford hiyohiyo ikashusha bei ya baadhi ya matoleo kwa karibu dola 10,000.

Katikati hapo ndipo kijana wako alipoona ile habari ya Tesla. Sheria mpya iliweka dari: gari dogo lisizidi dola 55,000, gari kubwa na pikapu zisizidi 80,000, la sivyo hakuna nafuu. Model Y yenye viti vitano ilihesabiwa gari dogo, na bei yake ilikuwa dola 65,990. Januari 2023 Tesla ikaishusha hadi 52,990. Unaona ilipotua? Chini ya dari kidogo tu. Mwezi uliofuata wizara ya fedha ikabadilisha kipimo, gari lile likahesabiwa kuwa kubwa, na Tesla ikaipandisha bei kidogo. Siwalaumu, biashara ni biashara. Nataka tu uone kwamba bei ilifuata mstari wa sheria kama mbuzi anavyofuata ukingo wa shamba, anakula hadi kamba inapoishia.

Baada ya Septemba 2025 kila mmoja alionyesha hali yake. Wanunuzi walikimbilia tarehe ya mwisho, robo ile ya mwaka ikavunja rekodi ya mauzo, kisha Oktoba maduka yakapoa. Hyundai, yenye washindani wengi wa saizi yake, ikatangaza kushusha Ioniq 5 ya 2026 kwa hadi dola 9,800, zaidi ya nafuu yote iliyofutwa. Tesla ikaleta Model Y iliyopunguzwa vitu, kwa dola 39,990. Ya bei ya chini kabla ya hapo ilikuwa dola 44,990, na nafuu ikiondolewa mnunuzi alikuwa akilipa 37,490. Kwa hiyo aliyesubiri alilipa zaidi kwa gari pungufu. Swali la kusubiri tutalirudia.

Upande wa China habari ni tofauti, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo muhimu kwako. Ruzuku ya taifa kwa mnunuzi ilikwisha mwishoni mwa 2022, ingawa msamaha wa kodi ya ununuzi uliendelea. Ungedhani bei ingepanda. Badala yake kampuni ya BYD iliingiza sokoni gari dogo, Seagull, Aprili 2023, kwa yuani 73,800. Machi 2024 ikaifanya 69,800, na katika ofa ya Mei 2025 ikafika 55,800. Bei hizo zilishushwa na kampuni yenyewe, si serikali. Ni viwanda vingi vyenye magari mengi kuliko wanunuzi, kila kimoja kinamtazama jirani, na chini yao wote betri inazidi kuwa rahisi. Mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Tani ya kaboneti ya lithiamu, ambayo mwishoni mwa 2022 ilikaribia yuani 600,000, mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeanguka hadi karibu 100,000. Nafuu ya kodi inafutwa kwa saini moja usiku. Ujuzi wa kutengeneza betri kwa bei ndogo hakuna bunge linaloweza kuufuta.

Haya, tuje nyumbani. Kwa nini Nakawa bei haisogei?

Kwanza, usukani. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia. Yale magari ya China yanayopigania bei yametengenezwa mengi kwa usukani wa kushoto, na ya Marekani vilevile. Gari la umeme unaloliona bondi ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, pengine na chache za Uingereza. Kwa hiyo soko lako si China wala Marekani, ni mnada wa Japani. Na huko pia kuna mkono wa serikali. Japani humpa ruzuku anayenunua gari jipya la umeme, kwa sharti akae nalo miaka 3 au 4, akiliuza mapema anadaiwa kurudisha. Sharti likiisha, gari linaenda mnadani. Huyo muuzaji wa kwanza hakulipa bei kamili, na mnunuzi wa pili analijua hilo, kwa hiyo hatoi bei ya mtu aliyelipa kamili. Hiyo ni sababu mojawapo ya gari la umeme lililotumika kuporomoka bei haraka kuliko la petroli. Mlipa kodi wa Japani amekuchangia wewe wa Ntinda bila kukujua. Huo ndio mlango wa nyuma niliousema.

Pili, njiani. Meli hadi Mombasa haikutozi nauli kwa kuangalia bei ya gari, inatoza nafasi. Lori la kulileta mpakani Malaba, ada za bandari, ajenti kama mimi, sote tunakula kiasi kilekile hata gari lingekuwa la bure. Kwa gari la bei ya chini, sehemu hii isiyopungua ndiyo inayozidi kuwa kubwa.

Tatu, kodi yetu yenyewe. Chukua gari ambalo thamani yake, pamoja na nauli na bima hadi bandarini, ni dola 4,000. Ushuru wa forodha 25% ni dola 1,000. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 18% inakokotolewa juu ya jumla, si juu ya 4,000, kwa hiyo ni dola 900. Umeshafika 5,900. Ongeza kodi ya zuio 6%, ambayo mwenye hesabu nzuri na URA, mamlaka yetu ya mapato, anaweza kuikata baadaye kwenye kodi yake ya mapato, na wengi hawafanyi hivyo. Kisha tozo ya mazingira kwa gari lililozeeka, na ada ndogondogo. Kwa kuwa nyingi ya hizi ni asilimia, dola 1,000 ikipungua Japani hapa bei ingepungua karibu 1,475, ukijumlisha ushuru na VAT tu. Hiyo ni habari njema, isipokuwa kwamba URA haitumii risiti yako kuthamini gari lililotumika. Ina orodha yake ya thamani, kwa aina, mwaka na injini. Bei ikianguka mnadani, orodha haianguki siku hiyohiyo. Mwagizaji aliyenunua kwa bei ndogo bado analipa kodi ya thamani iliyo kwenye orodha, na wewe unaikuta bondi.

Nne, vikaango. Hesabu bondi zenye Leaf hata tano kwa wakati mmoja, halafu hesabu zenye Wish, Spacio na Premio. Mwenye Wish anajua ukimwacha utavuka barabara. Mwenye Leaf anajua utarudi, na gari lile alilinunua miezi mitano iliyopita kwa bei ya wakati huo. Wanunuzi nao ni wachache, kwa hiyo hana haraka ya kulitoa wala faida ndogo haimtoshi. Hapo ndipo punguzo nyingi za ng'ambo zinapoishia, mfukoni mwa wa katikati, na simsemi vibaya maana hatari ya kukaa nalo ni yake.

Utaniuliza kuhusu misamaha ya Uganda. Ipo. Tangu marekebisho ya 2024, magari ya umeme yanayotengenezwa nchini, vifaa vya kuchajia na huduma ya kuchaji vimesamehewa VAT hadi tarehe 30 Juni 2028. Hiyo inamhusu Kiira Motors na mabasi yake ya Jinja, na wanaotengeneza bodaboda. Leaf yako ya Japani haimo. Tena kuna jambo watu wengi hawalioni: kusamehewa VAT si sawa na kutozwa asilimia sifuri. Mwenye asilimia sifuri anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye vyuma na rangi. Aliyesamehewa harudishiwi, anaimeza, na akiimeza anaiweka ndani ya bei. Kwa hiyo mtu akikuambia "bila VAT", jua kuna VAT kidogo imejificha humo. Rwanda walienda mbali zaidi, tangu 2021 gari la umeme halitozwi ushuru wala VAT. Usipate wazo la kulivusha mpakani Katuna, ukitaka namba ya Uganda utalipa kodi ya Uganda.

Ukitaka kuona ushindani ukifanya kazi hapahapa mjini, nenda stendi ya boda. Kampuni zimekuwa kadhaa, Zembo, GOGO, Spiro, na zote zinamgombania kijana mmoja mwenye kofia ngumu. Zimeitenga betri na pikipiki: unanunua chombo, betri ni yao, ukiishiwa unabadilishiwa kwa dakika chache unalipia ulichotumia. Bei ya kuingilia ikashuka bila kusubiri bunge. Mwenye boda wa umeme leo ana watu wa kujadiliana nao. Wewe wa gari bado.

Sasa nisubiri au ninunue. Nipe nafasi nifanye hesabu ya kwenye bahasha, ubadilishe tarakimu upendavyo. Tuseme unatembea kilomita 150 kwa siku. Wish kwenye jamu ya Kampala nakupa kilomita 10 kwa lita, lita Sh 5,000, unachoma Sh 75,000. Leaf inatembea kama kilomita 6 kwa yuniti, yaani kilowati-saa moja, ukiweka na upotevu wa kuchaji ni yuniti 28 hivi. Kwa yuniti ya nyumbani ya Sh 760, Yaka yako, ile meta ya umeme wa kulipia kwanza, inakula kama Sh 21,000. Tofauti ni Sh 54,000 kwa siku, siku 25 ni Sh 1,350,000. Kila mwezi unaosubiri unalipa kiasi hicho. Kwa hiyo usiulize "bei itashuka?" Itashuka. Uliza kama itashuka zaidi ya milioni moja na laki tatu kwa mwezi, na hilo kwa gari la Nakawa silioni.

Lakini hesabu hiyo ina mitego miwili. Mmoja ni mkopo. Kampuni ya Hertz ya Marekani ilinunua magari mengi ya umeme, Tesla zikiwa nyingi. Tesla iliposhusha bei za magari mapya mwaka 2023, yale ya Hertz yakaporomoka thamani yakiwa barabarani, na Januari 2024 ikatangaza kuuza karibu 20,000. Kama hao wamechomwa, na wewe utachomwa ukichukua mkopo wa miaka minne kwa gari linaloshuka haraka kuliko deni. Tumia akiba, na kama ni lazima ukope, uwe mkopo unaolipika kwa mwaka mmoja na ile tofauti ya petroli.

Wa pili ni betri, na huu ndio unaoua watu. Mwaka jana nilimsindikiza mteja kwenye bondi moja. Leaf mbili nyeupe zimesimama ubavu kwa ubavu, mwaka mmoja, bei moja, zimeoshwa zinang'aa. Nikaomba funguo. Kwenye kioo cha dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijisanduku vidogo 12 vilivyopangwa wima. Hivyo havionyeshi chaji, vinaonyesha uzima wa betri. Ya kwanza ilikuwa na 11. Ya pili ilikuwa na 8. Nikamuuliza kijana wa mauzo tofauti yake ni nini. Akacheka, akasema hivyo ni vya urembo tu, ukilichaji usiku vinarudi. Havirudi. Kijisanduku cha kwanza kikizima umepoteza 15% ya betri, na kila kinachofuata ni zaidi ya 6%. Vikibaki 8, betri iko kati ya 60% na 66%. Kwa Leaf ya kilowati-saa 24 hiyo ni kilomita 90 kwa siku njema, na wewe unatembea 150. Leaf za zamani hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji wala feni, kwa hiyo joto na kuchaji haraka haraka mchana vitaimaliza zaidi. Gari mbili za bei moja, moja ilikuwa ghali maradufu.

Kwa kazi yako tafuta ya kilowati-saa 40, iliyoanza kutoka Japani mwishoni mwa 2017, vijisanduku visipungue 11. Ya 24 mwachie mwenye ofisi Kololo na nyumba Bukoto. Hakikisha waya wa kuchajia umo butini na plagi yake imebadilishwa, maana plagi ya Japani haiingii kwenye soketi yetu, na fundi wa umeme akuangalie nyaya za nyumba kabla hujaanza kulichomeka usiku kucha. Kama unapanga, kubaliana na mwenye nyumba kwanza kuhusu meta. Halafu kabla hujatoa amana, waombe wakuonyeshe karatasi ya kodi waliyolipa URA kwa gari hilo. Ukishaijua kodi, utajua faida yao ni ngapi, na mazungumzo ya bei yataanzia hapo. Nitumie picha ya hiyo karatasi na ya vile vijisanduku, nitakuambia kama ni la kuchukua.